Kamba ya Mafundo

Fundi mkata nguo hakuwahi kusoma futi ya kupimia. Tarakimu zilimchezea machoni tangu darasa la pili, wenzake walipomwita Bongo Lala, na jina likamganda. Kila kipimo alikifunga fundo kwenye kamba, na kwa miaka ishirini hakuharibu hata kola moja.

Asubuhi moja tajiri mwenye karakana alimtaka awe msimamizi.

"Mpe mwingine, bosi. Kichwa changu hakishiki."

Cheo akapewa shoga yake, mkata nguo mwenzake. Hadi saa sita shoga alishamjia mara tano, kitambaa mkononi.

"Dada, hapa nikate wapi?"

"Shoga, unaniuliza mimi mjinga?"

"Basi nitajie wa kumuuliza."

Fundi alikaa juu ya robota la vitambaa, hoi, kamba mapajani. Akaipitia karakana nzima kwa macho, asimwone wa kumtaja.