Visu vya Kalekye wa Nuu

Asubuhi ile ya mwisho ilikuwa asubuhi kama zingine. Kalekye alipasha muthokoi wa jana, yale mahindi ya kukobolewa, akamwekea mumewe chai, halafu akaketi kwenye kigoda chake pale mlangoni na kopo lake la visu. Ndululu alikuwa ameshazoea. Wake wa watu wakiamka huangalia kuku. Mke wake yeye huangalia visu.

Kopo lilikuwa la mafuta ya kupikia. Ndani yake kila kisu kililala katika kitambaa chake, kimepakwa mafuta ya cherehani kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Vyote vilikuwa vidogo, vya kukunja na kutia mfukoni, na hakuna kilichokuwa cha mchezo. Kulikuwa na cha kuchana mkonge, cha kukata kwato za mbuzi, cha nyama, cha matunda, na kimoja cha mpini mweupe ambacho hakikuwa na kazi duniani ila kutazamwa. Kilichotawala vyote kilikuwa cha mpini wa pembe nyeusi, cha kupandikizia miembe, yaani kuunga kijiti cha mwembe bora kwenye shina la kienyeji. Kalekye alikifungua, akakipitisha kwenye nywele za mkono wake wa kulia, nywele zikaanguka.

Jana yake jioni Kiema alikuwa amekuja kukiomba. Huyo Kiema ni jirani, ana kitalu cha miche kando ya barabara ya kwenda Kalamba sokoni, na kupandikiza alifundishwa na Kalekye mwenyewe. Alikuwa ameomba, akanyimwa, akaondoka akilitazama kopo kama mbwa anavyotazama jiko. Sasa Ndululu akauliza, si angempa tu, kijana wa watu. Kalekye akakifunga kisu, tap, akasema neno. Ndululu alikuwa anapuliza chai. Neno lilipita kama upepo.

Kalekye akaenda shambani na kisu chake. Jua lilipopanda, Ndululu akamfuata kumwita kwa chakula. Akamkuta ameketi, ameegemea gunia la mbolea, kisu kimefungwa vizuri mfukoni mwa aproni. Hospitalini walisema ni moyo. Kisu Ndululu alikirudisha koponi, katika kitambaa chake.

Kalekye alizaliwa Nuu, kule Kitui ambako mvua ni mgeni. Mkono wake ulikuwa wa kushoto. Mamake alimfunga huo mkono na kamba ya mkonge ili ajifunze kula kama watu, lakini kamba ikifunguliwa tu, mkono unarudi kazini kwake. Alipoolewa Kalamba, mamake Ndululu naye alikataa kupokea maji kutoka mkono huo. Kalekye hakubishana. Aliyaweka maji chini, mama mkwe ainame ayachukue. Aliinama hivyo mpaka akazeeka.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Hakupiga kelele, na hakusahau. Mbithe wa ng'ambo ya boma aliwahi kufungua mkebe wa rangi kwa kile kisu cha matunda, ncha ikavunjika. Misimu miwili ya maembe Mbithe alisalimiwa akiwa nje ya ua, na uji wake akapitishiwa juu ya miiba.

Kisu cha pembe alikipata kwao Nuu, alipokwenda kumwona mamake. Siku ya soko la mbuzi palikuwa na mfanyabiashara wa mifugo, Abdisamad, aliyezoea kutembea na kifurushi cha visu vizuri kutoka mbali. Walijuana. Yeye ndiye aliyemuuzia karibu vyote vya kwenye kopo. Siku hiyo Abdisamad alitoa kile cheusi akiona haya, akasema, mama, hiki sikuuzii, kina kosa, aliyekitengeneza alikinoa upande usiofaa. Kalekye akakigeuza kwenye mwanga. Kisu cha kupandikizia hunolewa upande mmoja tu; upande wa pili hubaki bapa, ndio ulale kwenye mti na kukata sawa kama meza. Visu vyote alivyowahi kutumia vilinolewa kwa ajili ya mkono wa kulia, na maisha yake yote alikuwa akipigana navyo. Hiki kilinolewa kwa ajili yake. Alirudi nyumbani anacheka peke yake, mwanamke ambaye kucheka kwake kulikuwa kama mvua ya kwao. Alimweleza mumewe mara moja, hakurudia. Kwa watu wengine hakusema kabisa.

Kutoka hapo hakuna aliyemfikia. Kijiti alichounga kilishika. Watu walitoka hata Nunguni kwenye baridi kuja kumtafuta.

Basi siku ya mazishi Kiema akaomba maikrofoni. Alivaa suti. Akawaambia waombolezaji kwamba mwaitu, yaani mama yetu, alikuwa mwanafunzi wake mpendwa; kwamba alimshika mkono akamwonyesha kupandikiza, hata kwa huo mkono wake mbovu. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakapiga makofi. Ndululu alikuwa amekaa mbele, kofia magotini. Hakusimama. Mtu hapigani penye jeneza la mkewe.

Wageni walipoondoka alifungua kopo. Kitambaa cha kisu cheusi kilikuwepo. Kisu hakikuwepo.

Hakuhitaji kuambiwa. Tena Mbithe alikuwa amemwona Kiema akiingia chumbani ati kuweka viti. Mbithe huyo huyo ndiye aliyeleta habari ya kithitu, kile kiapo cha Wakamba ambacho mwongo akikila, ukoo wake huisha mmoja mmoja. Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu wote wawili ni watu wa kanisa. Ndululu aliifikiria sana. Mwisho akakataa. Kithitu hakichagui, kingekula hata watoto wa Kiema, na yeye alimtaka Kiema peke yake.

Akachukua kisu cha mkonge. Akakinoa kwenye jiwe la Kalekye, polepole, kama alivyomwona akifanya. Alijua atakachofanya. Mche uliopandikizwa una shingo, pale kijiti kilipoungwa na shina. Ukikata chini ya shingo, umerudi kuwa mwembe wa kienyeji, kazi ya mwaka imekufa. Kitalu cha Kiema kilikuwa na safu kwa safu. Alitaka kuzipitia zote mchana, Kiema akiona, kila shingo.

Alipofika alimkuta Kiema kwenye benchi lake, miche imepangwa mbele yake, na mkononi ana kisu cheusi. Kiema akaruka kidogo. Halafu akatabasamu.

"Mzee, karibu. Hiki mwaitu aliniachia. Aliniambia, Kiema, wewe ndiwe mtoto wangu wa kazi."

Mkono wa Ndululu ulikuwa mfukoni, kisu cha mkonge kimeshafunguka. Alikuwa anatazama mkono wa Kiema. Ulikuwa wa kulia. Kisu kilikuwa kinachimba ndani ya kijiti kisha kinatoka nje, kinaacha shimo dogo kama la kijiko. Kiema akakibana hicho kijiti kwenye shina, akafunga nailoni akakaza, shimo likafichika. Kwa nje kazi nzuri kabisa.

Hapo ndipo lile neno la asubuhi ya mwisho lilipomrudia Ndululu, lote, na sauti yake.

Akakifunga kisu mfukoni. Tap.

"Kinakukatia vizuri?" akauliza.

"Kama wembe, mzee."

"Basi endelea."

Akavuta ndoo, akaifudikiza, akakalia, akatazama. Hajawahi kuingia sinema, lakini siku hiyo alielewa kwa nini watu huenda.

Kijiti kilichokatwa hukaa kijani kwa muda hata kisiposhikana na shina, kinakula akiba yake. Kila siku ya soko Ndululu alipita na fimbo yake kuulizia miche. Mwanzo Kiema alijisifu. Baadaye akalaumu jua. Akalaumu maji ya kisima, akabadilisha nailoni, akanunua dawa. Ndululu alimpa pole kila mara, na kila pole ilimwingia mwenyewe kama asali. Kiema alizidi kukinoa kisu, na kadiri alivyokinoa ndivyo kilivyochimba. Safu zikawa kahawia. Watu wa Nunguni walikuja na gari kuchukua miche yao, wakashika vijiti vikavunjika kama vya kuwashia moto. Mmoja wao akasema mbele ya wote kwamba mama yule angekuwa hai wasingeona mambo haya. Ndululu alikuwa palepale, kwenye ndoo yake.

Siku iliyofuata Kiema alikuja bomani bila suti. Kisu hakipewi mtu mkononi kikiwa kimefunguliwa. Alikifunga, akakiweka chini miguuni pa mzee, akarudi nyuma kama mtu aliyemtua nyoka.

"Mzee, chukua. Mwaitu alikifanyia nini hiki kisu?"

"Mimi sikusoma," Ndululu alisema. "Nitajua wapi?"

Kiema akaomba msamaha. Ndululu akamwambia kuna maikrofoni nyingine, ya kanisani. Jumapili Kiema akasimama mbele ya watu, akasema ni yeye aliyefundishwa, na kwamba kisu alikiiba. Alilia. Wengine wakalia naye. Ndululu hakulia.

Mpaka leo Kiema anaamini alilaaniwa. Ndululu angeweza kumwambia ni makali tu, ni upande tu. Wanapita njia moja, wanasalimiana, na hamwambii. Jioni anakitoa kile cheusi kitambaani, anakipaka mafuta, anakirudisha kwenye kopo. Na neno la mkewe analo kichwani, kama alivyolisema akifunga kisu, yeye akipuliza chai:

"Siku Kiema atakichukua, usimwambie kitu. Mwache akate."