Hereni Katika Sufuria ya Mubirizi

Dada yangu mkubwa alikuwa amemaliza mizunguko mitatu kati ya sita ya dawa ya saratani ya titi nilipogundua kwamba ameacha kwenda hospitali ya Mbarara. Niligundua kwa harufu. Nilikuwa nimempelekea maharage nyumbani kwake, hapa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na kabla sijabisha hodi nikasikia harufu ya mubirizi, mmea wa dawa za kienyeji, ukichemka. Harufu hiyo naijua kuliko watu wengi kambini, kwa sababu kwa miaka miwili kazi yangu ilikuwa kuchuma majani yake machungu.

Nilikuwa nayachumia maabara moja ya Mbarara. Shule niliiacha katikati ya sekondari; kemia nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vilivyokosa majalada. Mtafiti alipoona kwamba kila mfuko nimeuandika mahali, saa, na kama mvua ilinyesha jana yake, aliniruhusu niingie nitazame. Maji ya majani huchanganywa na chumvi ya madini ya fedha iliyoyeyushwa. Mchanganyiko ule hugeuka manjano, kisha kahawia. Hapo wanajua kwamba jani limeigeuza fedha kuwa chembe ndogo mno, ambazo hata hadubini ya kawaida haizioni. Chembe hizo hutiwa kwenye seli za saratani zinazokuzwa ndani ya visahani, na nyingi hufa. Nikauliza: na seli zisizo na ugonjwa je? "Baadhi nazo hufa," alinijibu. "Ndiyo maana hii bado si dawa."

Niliandika yote kwenye daftari langu, na jibu hilo nikaliweka mwisho wa ukurasa na kulipigia mistari miwili.

Daftari hilo alilisoma mtu mmoja tu. Ni shemasi wa kanisa letu, rafiki yangu tangu Kivu Kusini, kwetu Kongo. Tulivuka mpaka tukiwa na sufuria moja kati ya familia zetu mbili. Alikuwa akinisindikiza kuchuma upande wa Ngarama. Siku moja aliomba anakili ukurasa huo. Nilifurahi kwamba hatimaye nimepata mtu wa kuzungumza naye habari hizi, nikampa na kalamu.

Sasa nilikuwa nimesimama jikoni kwa dada yangu.

"Yaya, unapika nini?" nilimuuliza; kwetu dada mkubwa huitwa hivyo.

"Dawa yako," alisema bila kugeuka. "Ile ulinifichaka."

Nilifunua sufuria. Chini, kati ya majani, zilikuwa hereni zake za fedha, zile alizovaa siku ya harusi yake.

"Nani alikuambia uweke hereni?"

"Shemasi. Alinisomea. Maandishi alisema ni ya kwako, neno kwa neno. Mama wa jirani naye anapika; hana hereni, anaweka kijiko." Akanitazama. "Miaka mbili unabebea bazungu majani, na miye ndugu yako niko nakufa hapa."

"Si wazungu, Yaya. Yule mama wa maabara ni Munyankole, mtu wa hapahapa."

"Basi Banyankole njo bako na kansere, miye sina?"

Nilijaribu kumweleza. Hereni haiyeyuki katika maji ya moto. Kinachotumika maabara ni chumvi ya fedha, nayo ikinywewa ni sumu. Alisikiliza akiwa amekunja mikono, kama anavyomsikiliza mtu anayetaka kumuuzia kitu. Nikaona maneno hayafiki, nikafanya nilichojifunza: nilichukua sufuria mbili, nikatia maji kiasi kilekile na konzi moja ya majani kila moja, hereni nikatia katika moja tu. Nikapima nusu saa kwa simu. Kisha nikamimina vikombe viwili na kuviweka mezani. Vyote vilikuwa kahawia, huwezi kuvitofautisha.

"Unaona? Rangi ni ya majani. Fedha haijafanya kitu."

Aliinama akavitazama, kimoja baada ya kingine. Nilidhani nimeshinda.

"Kumbe hata bila hereni inakuwa dawa," alisema. "Mungu ni mwema."

Akazipangusa hereni kwa kitenge chake, akazivaa, akanywa kikombe cha kwanza.

Shemasi nilimkuta katika soko la Kaberebere, akipimia watu unga wa muhogo. Sikumsalimu.

"Mstari wa mwisho wa ukurasa ule unasema nini?"

"Sikuuandika. Karatasi iliisha."

"Shemasi!"

Akaweka kopo chini. "Ndugu yangu, miye njo nilikuwa namushika kichwa wakati anatapika. Weye ulikuwa fasi gani? Mu majani. Muntu nywele zimetoka, kucha zimekuwa nyeusi, anaomba kitu kimoja cha kumupa nguvu. Unataka nimusomee 'bado si dawa'?"

Nilimwambia niliyokuwa nimeyasikia. Nilikuwa nimempigia simu muuguzi wa dada yangu: wiki tano zimepita tangu mzunguko wa tatu, uvimbe ulikuwa umeshapungua, na akikaa hivi unaweza kukua upya. Mteja mmoja alinyoosha mfuko wake, shemasi hakumwona.

"Nitamuambia miye," alisema mwishowe. "Weye hatakusikia tena."

Nilirudi nikatayarisha kila kitu: nauli, shuka, karatasi ya hospitali, sabuni. Siku ya tatu nikapita kumchukua. Mlango ulikuwa na kufuli. Mama wa jirani aliniambia waliondoka alfajiri ya jana kwenda Mbarara, shemasi amebeba godoro. Akaniambia pia yale shemasi aliyomwambia dada yangu, maana aliyasema naye akisikia: kwamba mubirizi haufanyi kazi peke yake, lazima ukutane ndani ya damu na dawa ya hospitali, na kwamba mimi ndiye niliyegundua hivyo.

Ni uongo kuanzia mwanzo hadi mwisho, nao ndio uliompeleka hospitali. Ukweli wangu, na vikombe vyangu viwili, ulimfanya anywe zaidi. Nikimsahihisha shemasi leo, dada yangu ataondoka kitandani kabla ya mzunguko wa sita. Kwa hiyo nimeuacha uongo huo uendelee kutembea na jina langu.

Nilimpigia muuguzi nijue hali yake. Alikuwa mpole. Alisema hawezi tena kunipa habari, kwa sababu mgonjwa amebadilisha jina la ndugu wa karibu kwenye faili. Alinishauri nimpigie huyo ndugu.

Nilijua ni nani, na namba nilikuwa nayo. Shemasi alipokea mara ya kwanza tu.

"Amepata muzunguko ya ine," alinong'ona. "Jana alitapika, leo amekula uji. Daktari anasema wamemurudisha kwa wakati."

"Nipe niongee naye."

"Amelala."

Nyuma yake nilisikia sauti ya dada yangu, dhaifu lakini yake kabisa, ikiuliza ni nani.

"Muteja tu," shemasi alimjibu.

Sikukata simu mpaka alipokata yeye.