Koma ya Babu Mtoni

Juzi, pale daraja la mto Ramisi, niliona kandambili ikielea kupanda mto, kinyume cha mkondo. Nikashindwa kuondoka mpaka ilipopotea.

Nilikuwa mdogo, na uhuru wenyewe ulikuwa mchanga, mwalimu wa dini kutoka bara alipowataka waliotaka kubatizwa watupe mtoni koma zao, vile vigingi vya mti vinavyosimamishwa kwa ajili ya wazee waliokufa. Bibi alikitupa cha babu. Kilikuwa na harufu ya pombe ya mnazi aliyokuwa akimmiminia hapo miaka yote. Mimi nilidhani ni babu mwenyewe, nikauliza kama anajua kuogelea.

Alasiri wabatizwa waliingia majini wakiimba, wamejifunga shuka nyeupe. Bibi alipoinuliwa kutoka majini, kitu kilimgonga kiunoni.

"Babu amerudi!" nilipiga makofi.

Wimbo ulikatika. "Mama, kisukume kiende," mwalimu alisema.

Bibi alikikumbatia, akakifuta kwa shuka yake ya ubatizo. "Umelowa, mume wangu," alikiambia.

Siku hizi najua kwamba bahari ikijaa, maji hupanda mto na kurudisha vitu. Lakini koma zilizotupwa siku ile zilikuwa nyingi, na iliyorudi ilikuwa ya babu peke yake.