Nilitoza tangazo kwa neno, mteja akalichambua kama mchele

Habari za humu wakuu. Niko Kisangani, Kabondo, na haya yamenipata mimi mwenyewe, siyo jirani wala shemeji.

Nilisoma mtandaoni kwamba copywriter, yaani mtu anayewaandikia wafanyabiashara matangazo, anaweza kutoza kwa neno. Nikapiga hesabu, nikajiona tajiri. Nikapanga franka mia tano kwa kila neno.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Anto. Ana malewa, kibanda cha chakula, anauza samaki na lituma, ile ndizi ya kupondwa. Alitaka maneno ya kuandika kwenye ubao wa mlangoni.

Nikamletea maneno sitini na mawili. Yalianza na "Wapendwa wateja wetu watukufu".

Bon. Akavaa miwani, akanipakulia sahani nile wakati anasoma, kisha akaanza kuchambua kama anatoa mawe kwenye mchele.

"Tamu sana. Hii 'sana' inafanya kazi gani? Kama iko tamu, iko tamu."

Akaifuta.

"Wapendwa? Nani alikuambia mi nabapenda? Banakula na deni."

Akafuta.

"Na hii 'kwa'? Herufi tatu tu. Nitalipa nusu."

"Mama, neno ni neno," nikamwambia.

"Alors toa."

Yakabaki haya: LITUMA IKO. SAMAKI IKO. DENI HAPANA.

Maneno sita. Franka elfu tatu.

"Na matabishi yangu?" akauliza. "Hata muuza mchele ananiongezea kidogo."

Ikabidi nimpe neno moja la bure. Akachagua KABISA.

Sasa, ile sahani haikuwa zawadi. Ilikuwa ya elfu tano. Kwa hiyo kazi ya siku nzima iliniacha nadaiwa elfu mbili. Nikamwomba nilete kesho. Alinionyesha ubao, vumbi la chaki bado liko kidoleni mwake.

Niliacha mkanda wangu rehani, nikarudi nyumbani nimeshika suruali kwa mkono.

Ila wakuu, lazima niwe mkweli, ubao ulifanya kazi. Watu wa toleka, wale wa baiskeli za abiria, walikuwa wanausoma wakipita, halafu wanafunga breki.

Fundi nguo mmoja, Tonton Faustin, akauona na akanitafuta. Safari hii nilikuwa nimeerevuka. Bei moja kwa kazi nzima, elfu arobaini, nusu mbele.

"Maneno ngapi?" akauliza.

Nikajitia ukubwa. "Tonton, maneno ni ya bure. Unalipia akili."

Akahesabu elfu ishirini bila kubishana. Kisha akanivutia kiti.

"Donc, kama iko ya bure, andika. Tuanze na babu yangu. Alishona shati yake ya kwanza kule Opala."

Leo ni siku ya tatu. Tuko ukurasa wa saba, na Tonton mwenyewe bado hajazaliwa.

Nilichojifunza: ukitoza kwa neno, mteja anapunguza. Ukitoza kwa kazi, anaongeza. Taja bei, taja na urefu wa tangazo, kabla hujakaa.

Wenzangu mnaoishi kwa kalamu, ninyi mnatoza vipi? Na mteja wa namna hii mnamkatizaje bila kumvunjia heshima? Jibuni haraka kidogo, naandika haya nikiwa nimeficha simu chini ya cherehani, na tumefika kwenye harusi ya bibi.