Wajina Wawili Kwenye Waya Mmoja

Nilipoona kompyuta nne zikishushwa Mfaranyaki, hapa Songea, kwenye chumba kilichokuwa duka la mitumba, nilijua hapo ndipo nitakapofanya kazi. Bosi alikuwa bado hajajua. Yeye alikuwa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Moshi; mimi binti wa kidato cha nne niliyeletwa kupiga deki.

Fundi wa Dar aliyezileta alikaa siku moja tu, nami nikamganda kama kupe. Alinionyesha waya wa mtandao: ndani una nyuzi nane za rangi, na zina mpangilio wake. Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, hadi mwisho.

"Usipange unavyotaka," akasema. "Fundi wa Songea na fundi wa Japani wote wanapanga hivi hivi. Hicho ndicho kiwango."

Jamani! Nilivitazama vidole vyangu nikaona vina undugu na vidole vya Japani.

Alipoondoka, bosi akaniambia, "Binti, mbwembwe zako nimezisikia. Kesho nafungua huduma ya intaneti. Mashine zote nne zikiingia mtandaoni, kazi ya ufundi ni yako. Zikigoma, namwita fundi arudi."

Asubuhi nilitoka nyumbani Mjimwema mbiombio, baridi ya Juni hata sikuisikia. Nikachomeka nyaya zote kwenye habu, kisanduku chenye matundu. Mashine moja ikisema neno, habu inawapelekea wote kama mpiga mbiu, na anayehusika ndiye anayeitikia. Ili ajulikane, fundi alinieleza, kila mashine hupewa anwani, namba nne zenye nukta katikati. Mashine ya kwanza ilishikana na modemu, kifaa kinachoipeleka mtandaoni kwa laini ya simu huku kikilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Wenzake wakitaka kutoka nje wanapitia kwake. Na kabla ya mazungumzo mashine husalimiana kwa utaratibu mmoja, uitwao itifaki. Hilo nilielewa mara moja. Huku kwetu nani anamweleza mkubwa shida yake kabla ya shikamoo na marahaba?

Kwenye anwani ndipo nilipoteleza. Mashine ya tatu na ya nne zilifanana kama pacha. Sasa, mimi na binamu yangu tumerithi jina la bibi mmoja na tunalala chumba kimoja. Mtu akiita, tunatoka wote wawili tukicheka. Basi nikazipa mashine zile anwani moja, kwa upendo kabisa.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee wa korosho kutoka Tunduru, aliyetaka kumwandikia mwanawe anayesoma India.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Barua itafika leo, inshallah, au nirudi msimu ujao wa korosho?"

Nikamkalisha kwenye mashine ya nne. Likatokea onyo: anwani hii ina mwenyewe. Mtandao ukakataa.

"Nilisema mimi!" Bosi akanyanyua simu ya mezani ampigie fundi. Akaruka. "Nini hiki kinanipigia kelele sikioni?"

"Mashine ya kwanza inaongea kwenye laini hiyo hiyo, bosi! Umeiingilia!"

Modemu ikanyamaza. Nikaiamuru ipige tena haraka, kabla bosi hajanyanyua simu mara ya pili. Hapo ndipo akili iliponijia. Sisi wajina tukitoka wawili, mgeni anatutazama sura na kuchagua. Waya hauna macho. Neno la mzee litaenda kwa nani, wakati wote wawili wanasema "ni mimi"? Nikaibadilisha namba ya mwisho ya ile ya nne.

Ukurasa ukaanza kushuka, mstari kwa mstari.

"Inakuja!" nilipiga kelele hadi wapita njia wakachungulia.

Bosi akapita mashine moja moja, akiinamia kila kioo kama daktari wa zamu. Zote nne. Akakohoa.

"Mzee," akasema, "ukikwama, muulize fundi." Akaninyooshea kidole.

Mzee hakungoja. "Haya, fundi, njoo. Hii herufi M mmeificha wapi?"