Mtangazaji wa Kituo na Moto wa Kifuani

Kwa miaka ishirini na mmoja, sauti yake ndiyo iliyowaambia wasafiri treni ipi imefika na ipi imechelewa. Sauti waliijua, mwenyewe hawakumjua. Alikaa ghorofani, katika chumba chenye dirisha moja la kioo, kipaza sauti na ratiba ya treni. Jioni alishuka, akapita katikati ya watu walewale aliowatangazia, asisalimiwe na hata mmoja. Mume hakuwa naye, wala mtoto. Kaka yake, ndugu wa pekee aliyebaki, alikuwa amemzika mwaka wa juzi.

Kiungulia kilianza kama mzaha. Alizoea kula harakaharaka kati ya tangazo na tangazo, kisha anainama kuandika kwenye daftari. Hapo maji machungu yanampanda hadi kooni. Akanunua vidonge vya kutafuna, akavitafuna kama karanga.

"Dada, hivi ni dawa, si kitafunwa," muuza dawa alimtania.

Alicheka. Siku ile hakuwa amezungumza na mtu mwingine ila kwa kipaza sauti.

Mwaka wa pili moto ule ulikaa kifuani kama mgeni aliyekuja kusalimia akasahau kuondoka. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, maana akijinyoosha tu alipaliwa. Mgongo nao ukaanza kumuuma. Akaongeza vidonge vya maumivu, asijue vinachimba palepale penye kidonda. Sauti ikakwaruza.

"Mama, wasafiri wanasema spika zimeharibika," mkuu wa kituo alimwambia.

"Ni mafua tu, bosi."

Wiki moja akaona choo chake ni cheusi kama lami. Alivuta maji, akanawa, akaenda kazini. Angemwambia nani?

Siku ya tatu yake, adhuhuri, alikuwa anatangaza. "Treni ya saa saba kasorobo itaingia..." Sauti ikakatika. Watu walitazama spika, kisha wakatazama saa zao. Mwanamke mfagiaji peke yake ndiye aliyetupa ufagio na kupanda ngazi mbiombio. Alimkuta sakafuni, damu imetapakaa kwenye ratiba.

Hospitalini muuguzi aliuliza ndugu wa karibu ni nani. Mgonjwa, midomo myeupe, alitaja namba ya simu ya kituo.

"Hiyo ni ofisi, mama. Nataka mtu."

"Niandike mimi," mfagiaji alidakia. "Dada yake." Akamwinamia mgonjwa. "Mficha maradhi kifo humuumbua, hukuambiwa? Miaka yote nafagia ngazi zako, hata siku moja useme unaumwa!"

Walimwongezea damu chupa nne, wakapitisha mpira wenye kamera kooni, wakauziba mshipa uliokuwa ukivuja. Kesho yake daktari aliketi kando ya kitanda.

"Asidi ya tumbo imepanda miaka mingi, ikachubua umio, njia ya chakula, ukawa na vidonda. Kimoja kilifika kwenye mshipa wa damu. Ungechelewa kidogo tu, leo ningekuwa nazungumza na watu wako, si na wewe."

"Watu wangu wapi?" aliuliza.

Hakuuliza kwa uchungu. Alitaka kujua kweli. Daktari alifungua faili lake, akaanza kumweleza habari za dawa.

Kipande cha nyama kilichokatwa kwenye umio kilipimwa, saratani haikuonekana. Hata hivyo aliambiwa arudi kila mwaka atazamwe, maana ngozi ya mle ndani imeanza kubadilika. Vidonda vilipona. Sauti haikurudi. Kituo kikamhamishia chumba cha mizigo iliyosahaulika, na ghorofani akapandishwa msichana mwenye sauti nyororo.

Mfagiaji humletea uji mwepesi asubuhi, huongea dakika kumi, kisha mfagiaji huwahi kazi zake, na jioni huwahi wajukuu. Mtangazaji naye hurudi kwake, hula kabla jua halijazama, hukaa wima kwa saa tatu kama alivyoagizwa, halafu hulala kwenye kitanda kilichoinuliwa kichwani kwa matofali mawili.

Juzi bwana mmoja alikuja kutafuta mwavuli wake. Alipokuwa akitia sahihi, alisema, "Yule mama aliyekuwa akitangaza zamani, siku hizi simsikii. Alihama?"

"Aliugua," alijibu kwa sauti yake ya kukwaruza.

"Pole yake," bwana yule alisema, akachukua mwavuli, akaondoka.