Nilimkanyaga nyoka barabara ya Kakuma, aliyeumia ni kaka yangu

Wakuu, ejok, nawasalimu Kiturkana. Haya yalinipata mimi, na shahidi yuko hai Lorugum. Nikidanganya atanisuta.

Jana humu niliona watu wazima wakishangilia video ya dereva anayemkanyaga nyoka, anarudi reverse, anamkanyaga tena. Nimelala na hasira, nimeamka nayo.

Miaka ya tisini nilirudi Lodwar na diploma ya umakanika. Sikusomeshwa na mtu. Ada nililipa kwa kubeba mawe ya ujenzi Kitale. Gari likikohoa pale mjini, niliitwa mimi.

Akaja mzungu mtafiti wa nyoka, akaniajiri niwe dereva wake. Kazi ilikuwa kuendesha polepole usiku, Lodwar hadi Kakuma. Lami hubaki na joto jua likizama, na nyoka hutoka mchangani kuja kuota joto hilo. Tukimwona tunasimama, mzungu anamshika kwa koleo, anampima, anamwachia.

Nilimchukua kaka yangu Ekai awe macho yetu. Hakuingia hata darasa la kwanza, lakini alimwona nyoka kabla taa hazijamfikia.

Usiku wa tatu akakatiza mmoja, mfupi, rangi ya mchanga. Mguu wangu ukafanya ulichozoea kwenye malori. Nikapinda usukani kumfuata, nikamkanyaga.

Mzungu akafoka. Tukashuka na tochi. Barabarani hakuna nyoka.

Ekai akasema, "Tuangalie chini ya gari. Tairi humrusha juu, naye anajishikilia."

Nikamjibu kwamba nyoka aliyevunjika mgongo hapandi ekseli, na kwamba magari nimeyasomea.

"Sawa, Diploma," akasema, akaingia ndani.

Karibu na Kakuma mwiba ukatoboa tairi. Mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe. Shati, wakuu! Kwa sababu ya shati, Ekai ndiye aliyelala chini kuweka jeki.

Alitoka ameshika mkono wake wa kulia, akasema, "Yupo."

Yule mtafiti alikuwa na koleo, mifuko, kamera na rula. Dawa ya sumu, hata chupa moja hakuwa nayo. Halafu akauliza kama tunaweza kumtoa nyoka kwanza, ampime.

Nilimwambia nikiiona hiyo rula tena, nitamwacha pale alale na nyoka wake. Hata leo ningemwambia hivyo hivyo.

Niliendesha kwa rimu tupu hadi hospitali ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Ekai akitoka damu kwenye fizi. Muuguzi mmoja, mkimbizi kutoka Sudan, akapata dawa na kukesha naye hadi asubuhi. Aliishi. Vidole viwili vilikatwa, na mkono ule haukamui mbuzi tena.

Mzungu alikosea, lakini usukani nilishika mimi. Niliyeonywa ni mimi.

Leo nina gari langu, nimelinunua kwa jasho langu. Nikifika Lorugum, Ekai hapandi mpaka nipige magoti vumbini, mbele ya watu, nichungulie chini. Husimama pembeni na kusema, "Soma, Diploma."

Nasoma.

Mpisheni nyoka apite. Na anayeijua njia akisema simama uangalie, simama.

Mliowahi kuendesha njia ile, leteni yenu hapa chini. Na wewe wa "kanyaga tu", kabla hujaandika, tuambie kwanza: tairi ikipasuka, nani ataingia chini ya gari lako?